Wekeni Simu Chini

Mimi ni mwanamke na nina mke. Asiyetoka kwetu asishtuke wala asianze kucheka. Huku Tarime, kwa sisi Wakurya, mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe zake, anaweza kuoa. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi nilizaa mabinti wanne, wote wakaolewa, baba yao akafa, nikabaki na mji mkubwa na moshi wa mtu mmoja. Nikatoa ng'ombe, nikaoa. Kwa maneno ya kimila huyo ni mke wa mwanangu, yule mwana niliyemkosa, ndiyo maana namwita mokamona. Lakini kwa kazi, mume ni mimi. Mimi ndiye niliyetoa ng'ombe, na mtu akimkosea yeye, anayehesabiwa kukosewa ni mimi.

Alikuja kwangu akiwa mtu mzima, ameshaachika kwa mwanaume aliyempiga mpaka sikio moja likafa. Ukitaka akusikie unasimama kulia kwake. Analima kuliko mimi nilivyolima ujanani, na anacheka kwa sauti, jambo ambalo mwanzoni lilinikera.

Mwanaume wa kuzaa naye anatafutwa. Anakuja, anaondoka, watoto wanabaki kuwa wa mji. Huyo mwanaume nilimtafuta mimi. Nilimwona mnadani, kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, ukoo wao hauna ugonjwa, kila akiniona anainama, "Shikamoo bibi," mikono yote miwili. Nikasema huyu ana adabu. Mokamona sikumuuliza. Nilimwambia tu, "Jumapili kuna mgeni, pika vizuri." Naliandika hili mapema ili nisije nikaonekana mtakatifu huko mbele.

Wakazaa watoto wawili. Mwaka wa nne ndipo nilipoenda mashine ya kusaga na debe langu la mtama.

Pale mashineni wanaume hukaa kwenye magunia wakisubiri zamu za wake zao, maana siku hizi wanawake wanasaga na wanaume wanasubiri unga. Nilipofika wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, "Shikamoo mwenye mji," na wote wakaangua kicheko. Nikaitikia marahaba. Nikamwangalia yule aliyesema mpaka akaanza kukuna shingo. Mimi nimechekwa sana katika maisha haya, na ninajua kicheko cha mzaha na kicheko cha mtu aliyeona uchi wa mwenzake. Vina harufu tofauti.

Jirani yangu, mwanamke tuliyelima naye miaka mingi, akanivuta nyuma ya mashine. "Mama, kuna video."

"Video ya nini?"

"Ya mokamona wako. Iko kwenye simu za watu wote. Hata kwa wangu nimeikuta."

Akaitoa. Simu alikuwa ameiiba kwa mumewe. Nilitazama kidogo sana, pengine kwa muda wa kumeza mate, nikairudisha. Uso wa mokamona sikuutafuta. Nilichotambua ni ukuta wangu. Udongo ule niliukanda mimi kwa mikono hii, na pale juu kuna ufa unaofanana na mguu wa kuku, kila masika nauziba na kila kiangazi unarudi. Chumba cha mtu aliyeolewa kwa ng'ombe zangu kilikuwa kwenye kiganja cha mume wa jirani, na kwenye viganja vya wale waliokalia magunia.

"Anajua?" nikauliza.

"Kwani hujaona ana wiki mbili haendi sokoni?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ana mimba.

Nyumbani nilimkuta anapanga nguo za watoto kwenye mfuko wa salfeti. Nikasimama upande wa kulia. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Popote ambako hawana simu, mama."

"Hakuna mahali hapo."

"Basi nitatembea."

Akaniambia kwa vipande, huku anaendelea kukunja nguo. Alikuwa hajui kama anapigwa picha. Yule kijana aliegesha simu kwenye fito, akasema inachaji kwa sola. Na siku zile za mwisho alikuwa amebadilika, anataka mambo ambayo hayakuwahi kuwapo kati yao, akikataliwa anambana mikono na kumwambia, "Mbona wenzako kwenye video wanafanya na wanacheka?" Mokamona alimwambia wale hawacheki, wale wanaonyesha meno. Akapigwa kofi. Sikio lile lile moja lililobaki zima.

Nikamwambia asiondoke mpaka nirudi. Nikachukua mpini wa jembe.

Pale senta kuna kibanda cha kuchaji simu. Mwenye kibanda ni mtu mzima, ana mke na watoto, aliwahi kufanya kazi upande wa Sirari, kule mpakani, na akarudi na Kiswahili cha Kenya na kompyuta. Kazi yake ni kuingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Chini ya meza ana nyingine anazoziita picha za wakubwa. Wanawake wote wa hapa tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunapita tukiangalia chini kana kwamba wenye aibu ni sisi. Kule kisimani niliwahi kuwasikia wake wa watu wakilalamika, mmoja akisema mumewe siku hizi anamwangalia kama anayekagua ng'ombe mnadani, anamgeuza, anamlinganisha, anaguna. Tulicheka. Tulisema wanaume wana wazimu, itawatoka. Haikuwatoka. Iliwaingia.

Nilipofika alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. "Karibu nyanya! Leo umeleta simu ama umeleta jembe?"

"Nimeleta mpini. Ile video ya mji wangu umeipata wapi?"

Hakukataa. Alisema kaletewa na kijana, akambadilishia na betri na spika. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alivyobadilishana kuku. "Mimi ni biashara tu, nyanya. Watu wanapenda za nyumbani. Za wazungu wamezichoka."

"Na hao wazungu ni wasichana wa nani?"

"Hao walikubali. Walilipwa."

"Uliwauliza?"

Akacheka, akageukia wenzake wawili waliokuwa wamekaa pale. "Nyanya anataka niwapigie simu Ulaya!"

Nikainua mpini. Nilikuwa nimeshalenga ile kompyuta, na baada yake meno. Ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo nayachukia kwa sababu hayakuwa ya kijinga.

"Na wewe ulimlipia ng'ombe wangapi, nyanya? Wewe umemnunua mwenyewe, umemtafutia mwanaume, unahesabu ndama. Mimi nauza picha tu. Hebu nionyeshe tofauti yetu."

Wale wawili wakapiga mluzi. Mkono wangu ukabaki juu. Mtu akikuona umeinua fimbo na hupigi, anakuona mzee. Nikaushusha mpini, nikasema, "Tofauti nitakuonyesha kwenye iritongo," nikaondoka. Nyuma yangu wakaimba kitu, nikawasikia wanacheka mpaka kwenye mteremko. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa juu ya watu wawili: yeye, na mimi mwenyewe. Ile ya juu yangu niliiweka akiba.

Iritongo ni baraza letu la kijiji. Watu wanakaa wazi, mchana, wanaume mbele, wanawake pembeni kwenye nyasi, na mwanamke akiwa na shauri anasemewa na mumewe, au na shemeji. Hapo ndipo yule kijana na mwenye kibanda walipokosea hesabu. Walidhani mji usio na mwanaume hauna mwenyewe. Walisahau kwamba siku nilipotoa ng'ombe mbele ya watu nilisimama mahali pa mume, na hakuna aliyenikataza siku ile, maana nyama ilikuwa inaliwa.

Nikaenda mbele. Sikukaa kwenye nyasi. Mzee aliyekuwa anaongoza, kichwa cheupe, fimbo nyeusi, akasema, "Sema, mwenye mji."

Nikasema, "Kabla sijasema nina ombi. Kwetu mtu aliyekula nyama ya ng'ombe wa wizi haamui kesi ya ng'ombe huyo. Ni kweli au nimezeeka vibaya?"

"Ni kweli," akasema. Hiyo sheria kila mtu wa huku anaijua, maana tumeibiana ng'ombe kuliko tulivyozaliana.

"Basi kitu kimeibwa kwangu. Kimeliwa na wengi. Wekeni simu chini, kila mwanaume, hapa kwenye ngozi hii ya ng'ombe iliyotandikwa. Jirani yangu anajua kufungua, ataangalia moja moja. Ambaye hajala, abaki aamue."

Ungewaona! Mmoja akakumbuka mbuzi wake wamelegea kamba. Mwingine akasema simu yake imeisha chaji. Jirani akamjibu, "Leta hivyo hivyo, shemeji, mimi nina sola." Wanawake kwenye nyasi wakaanza vigelegele, si vya furaha, vile vikavu. Mwalimu mmoja mstaafu akasema jambo hili ni la faragha. Nikamwambia, "Mwalimu, faragha ilikuwa yangu. Wewe unaniomba ya kwako?" Akachukua kofia.

Waliinuka kwa makundi. Sikumwita hata mmoja arudi. Nilitaka waonekane migongo. Wake zao walikuwa wanahesabu, na najua katika miji mingi ugali wa siku ile ulisongwa bila mboga.

Wakabaki wazee watano, wote wa simu za tochi, ambazo hata picha ya mbuzi hazionyeshi. Mmoja wao alikuwa haoni vizuri, akawa anauliza, "Wamekwenda wapi watu? Kuna mvua?"

Hao watano wakaamua. Yule kijana hakuwapo, alishavuka mpaka. Ukoo wake ukaambiwa utoe ng'ombe, na mwenye kibanda atoe ng'ombe, wote wakabidhiwe mwenye mji aliyedharauliwa. Yaani mimi. Jumla watatu, wawili majike wa maziwa. Nikarudi nyumbani nimewaswaga mbele yangu, nikijiona nimepiga mtu akaanguka.

Mokamona alikuwa mlangoni. Mfuko wa salfeti ulikuwa bado umefungwa. Nikamwambia, "Angalia! Tumewanyoosha."

Akawatazama wale ng'ombe. Kisha akasema taratibu, "Wa nani hao?"

"Wa mji."

"Wako, mama." Hakupandisha sauti. "Kijana alipata betri na spika. Yule wa kibanda alipata wateja. Na wewe umepata ng'ombe. Mimi nitaamka kila asubuhi niwakamue. Watoto wangu watakunywa ile video kwenye kikombe."

Nilitaka kumkemea. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini yale maneno ya kibandani yalikuwa yamekaa palepale nilipoyaweka, hebu nionyeshe tofauti yetu, nikaona kwamba kwenye iritongo nilisema kimeibwa kwangu, kimeibwa kwangu, mara zote, na mtu aliyeibiwa sikumpa hata nafasi ya kukohoa. Nilimwacha nyumbani kama jembe lililoibwa likapatikana. Nilikuwa nimetoa ng'ombe kwa ajili yake akiwa amekaa kimya, nikamletea mwanaume akiwa amekaa kimya, na sasa nilikuwa nimelipwa kwa ajili yake akiwa amekaa kimya.

Nikamuuliza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza jambo la aina hiyo, "Wewe unataka nini?"

Akafikiri. "Nataka nikipita waangalie chini wao."

Kesho yake asubuhi nikawaswaga wale ng'ombe kurudi. Nilipita katikati ya senta, siku ya soko, makusudi. Watu wakaacha kupima dagaa. "Bibi anarudisha ng'ombe! Bibi amerukwa na akili!" Mkurya anaweza kumrudisha mke, anaweza kumrudisha mtoto shule, lakini ng'ombe aliyekwishaingia zizini hamrudishi. Yule mzee kichwa cheupe alitoka na mswaki mdomoni. "Wewe mwanamke! Tangu nizaliwe sijaona."

"Basi umeona. Sitaki kulipwa. Nikilipwa jambo limekwisha, na mimi sitaki liishe. Nataka yule wa kibanda atengwe."

Kutengwa kwetu si maneno. Aliyetengwa hasalimiwi. Haombi moto, haazimi jembe, haji mtu kwenye kilio chake wala kwenye pombe yake. Mzee akasema adhabu hiyo ni ya wauaji na wachawi. Nikamwambia, "Huyu kabomoa chumba cha mtu na kukigawa vipande kijiji kizima. Mtafutie jina." Akatafuna mswaki. Akasema atawaita wenzake. Wakakubali, nadhani nusu kwa haki na nusu kwa kuogopa kwamba nitaitisha simu tena.

Halafu nikaenda na mokamona Tarime mjini, polisi, kwenye dawati linalosikiliza mambo ya wanawake. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu yote. Tulipofika askari, binti mdogo kuliko mabinti zangu, akauliza, "Nani mlalamikaji?" Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mokamona akasema, "Mimi." Nikaufunga mdomo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kupalilia ekari. Alieleza yote, simu kwenye fito, mikono iliyobanwa, kofi, na mimi nikiwa nimekaa upande wake wa kulia kama mzigo, nikasikia na lile ambalo sikulitegemea: "Huyo mwanaume sikumchagua, lakini sikuwa nimemkataa." Askari akaniangalia. Sikuangalia pembeni. Nilistahili.

Kompyuta ilichukuliwa. Mwenye kibanda alilala ndani, akatoka kwa dhamana, kesi inaitwa na kuahirishwa, inaitwa na kuahirishwa. Kijana bado yuko ng'ambo. Nasikia anachoma mkaa na ana kikohozi. Kikohozi hicho nakiombea afya.

Lakini kutengwa hakuahirishwi. Kibanda kikakosa watu wiki ile ile. Wanaume ndio waliokuwa wakali zaidi kumkwepa. Kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba hakuwahi kumfahamu. Mwenye kibanda aliezua nyumba yake aweke bati, hakuna aliyekuja kushika hata msumari. Nikawa napita njia hiyo hata kama safari yangu ni ya upande mwingine. Nilikuwa nasimama, nafunga kanga upya, naangalia ile nyumba ikinyeshewa. Mke wake alihamia kwao Turwa na watoto. Hilo halikunifurahisha, lakini pia halikunirudisha nyuma. Mke wake nilimpelekea unga. Yeye sikumpelekea hata kikohozi.

Kuna waliosema inatosha sasa. Mchungaji alikuja, akakaa kwenye kigoda changu, akazungumzia msamaha mpaka chai ikapoa. Nikamwambia alete na simu yake nami niione. Akasema Mungu atakuhukumu mama. Nikasema sawa, huyo nitamsubiri, yeye hana simu.

Masika yalipokwisha, mwenye kibanda alikuja mwenyewe. Mchana, amekonda, amemvuta kondoo dume, maana ndivyo anavyokuja aliyetengwa akitaka kuingia tena kwa watu. Kondoo anapokelewa, anachinjwa, mafuta yanapakwa, yamekwisha. Na wa kumpokea ni mwenye mji. Alisimama nje ya uzio. "Shikamoo bibi." Safari hii haikuwa nyanya.

Sikuitikia. Nilikuwa napepeta mtama, nikaendelea kupepeta. Mokamona alikuwa kando yangu ananyoa kichwa cha mtoto.

"Bibi, nimekosa. Mwaka mzima nazungumza na ukuta. Nakuomba, mpokee huyu kondoo."

"Hujanikosea mimi," nikasema. "Nilisema hivyo kwenye iritongo, nilidanganya. Mwenye shauri ni huyu hapa. Akimpokea, mimi nitaleta kisu. Asipompokea, usinitazame."

Akageuka kwake. Na hapo nikaona kitu ambacho ng'ombe watatu hawakununua: hakuweza kumwangalia usoni. Macho yake yalishuka mpaka kwenye miguu ya mokamona, yakabaki pale. "Dada," akasema. "Nisamehe."

Mokamona akamaliza kunyoa. Akapangusa wembe, akampiga mtoto kofi dogo la mgongo akacheze. Akasimama, akamwonyesha upande wa kulia.

"Njoo huku, huko sisikii. Sema tena."

Akazunguka. Akasema tena, kwa sauti, na kwa jirani walisikia.

"Ile video umeifuta?"

"Yangu nimeifuta."

"Nyingine ziko wapi?"

Akavuta kamba. Kondoo akalia.

"Ukizileta zote," mokamona akasema, "kila moja, kutoka kila simu uliyoitia, ndipo uje na huyo kondoo. Nitampokea."

"Dada, hilo haliwezekani. Ziko mpaka Kenya."

"Najua," akasema, akaketi, akamwita mtoto wa pili aje anyolewe.

Alisimama nje ya uzio muda mrefu sana. Hakuna aliyemwambia karibu, hakuna aliyemwambia nenda. Mimi nikachukua mtama mwingine kwenye debe, nikapepeta.